Kuchagua Mashine ya Kuvuna

Mazungumzo yetu ya leo yahusu kuchagua chombo cha kuvunia. Sisi tukaao chini ya Mlima Meru twaujua mundu tangu utoto. Kila siku kina mama hukata majani ya ng'ombe wa zizini, wakayabeba kichwani kupitia migombani na kuvuka mifereji. Lakini ukishuka hata nyanda za Monduli, waweza kuona ngano imeenea mbali, na mashine moja ikifanya kazi ya watu wengi. Kwa nini mashine ile haipandi huku mlimani? Ili tujibu, yatupasa turudi nyuma katika karne ya 19.

Zamani hizo mkulima wa Ulaya na wa Marekani alivuna kwa mkono kama sisi. Mtu mwenye mundu alikata ngano ya nusu eka kwa siku, au pungufu. Mwenye fyekeo refu, lililofungwa vidole vya mbao vya kukusanyia mabua, aliweza kumaliza eka mbili. Na ngano ikiiva haingoji mtu. Isipokatwa upesi, punje hupukutika chini. Basi mkulima hakupanda kadiri ya ardhi yake, bali kadiri ya mikono aliyotumaini kuipata siku za mavuno.

Wengi walijaribu kuliondoa tatizo hilo. Huko Scotland, Patrick Bell aliunda mashine iliyosukumwa na farasi kwa nyuma, akaijaribu mwaka wa 1828. Huko Marekani walitokea wawili walioshindana kwa miaka mingi. Cyrus McCormick wa Virginia alionyesha mashine yake mwaka wa 1831, akapata hati ya kuilinda mwaka wa 1834. Lakini Obed Hussey alikuwa amekwisha kupata hati yake mwaka wa 1833. Mashine zao zilifanana kwa jambo kubwa: kisu chenye meno kilichokwenda huku na huku kwa nguvu ya gurudumu, farasi wakivuta.

Sasa mkulima achague ipi? Mwaka wa 1851 palikuwa na maonyesho makubwa London, na mashine hizo mbili zikapelekwa shambani, mahali paitwapo Tiptree, zijaribiwe mbele ya watu. Mvua ilinyesha siku ile, na ngano ilikuwa mbichi na yenye maji. Mashine ya Hussey ilisongwa na mabua ikasimama. Ya McCormick ikapita, watu wakashangilia. Lakini mwezi wa Septemba mwaka ule ule zilijaribiwa tena upande wa kaskazini wa Uingereza, na mara hii ya Hussey ndiyo iliyosifiwa. Tena, kisu cha Hussey kilikuwa hodari kwa kufyeka majani ya mifugo. Mshindi wa shamba moja alikuwa mshindwa wa shamba la pili. Hili ni fundisho la kwanza: usiulize mashine ipi ni bora, uliza ni bora kwa zao gani, na katika ardhi gani.

Fundisho la pili ni la gharama. Katika miaka ya 1850 mashine ya McCormick iliuzwa kwa dola 120 hivi, na mnunuzi aliruhusiwa kulipa sehemu kwanza na kilichobaki baada ya mavuno. Iliahidiwa kukata eka moja na nusu kwa saa. Lakini mwenye eka chache atairudishaje fedha hiyo? Wengine walishirikiana, majirani wawili au watatu wakanunua moja. Wengine walinunua wakawakodisha wenzao. Mtu mdogo hakuachwa nyuma alipokuwa na jirani mwema.

Fundisho la tatu lafika hata kwetu. Mashine za kwanza zilikata tu. Watu walifuata nyuma wakifunga miganda. Kisha zikaundwa mashine za kufunga kwa waya. Wakulima wakalalamika kwamba vipande vya waya viliingia katika majani ya ng'ombe na katika ngano ya kusagwa. Ndipo John Appleby alipounda kifundo cha chuma kilichofunga kwa kamba, na mashine za namna hiyo zikaanza kuuzwa. Kamba hiyo itoke wapi? Mwaka wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ilifika hai pwani ya Tanga. Katika miche hiyo yakaota mashamba makubwa, na watu wengi walioitwa manamba wakatoka makwao kwenda kukata mkonge. Tangu miaka ya 1960 kamba za plastiki zilienea, na bei ya mkonge ikaanguka. Mkulima wa Marekani alichagua kamba badala ya waya, na chaguo lake likahamisha watu wa Tanganyika ambao hakupata kuwaona.

Kwa hiyo, wasikilizaji, mashine uichaguayo nayo huchagua. Mashine kubwa hutaka ardhi tambarare isiyo na migomba wala mifereji. Wilaya ya Hanang ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha hadi mwaka wa 2002. Huko Basotu, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970. Mashine zilistahili ardhi ile; lakini palikuwa malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walishitaki. Mwaka wa 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki, na mwaka wa 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mashine ilijaribiwa juu ya ngano. Juu ya watu haikujaribiwa.

Mjini Arusha kipo kituo cha CAMARTEC, kilichoundwa kwa sheria mwaka wa 1981, kikarithi kazi ya kupima zana za kilimo. Hiyo ni kazi ile ile ya Tiptree. Basi mtu akikuletea mashine, usimcheke wala usimkimbilie. Mwambie aijaribu katika shamba lako, siku ya mvua. Uliza itakula nini baada ya kununuliwa, na vipuri vyake vyapatikana wapi. Mwisho uliza swali ambalo wengi hulisahau: ikipita hapa, nani atalazimika kuondoka?