Mfupa Unapolipisha Jino

Anayefungwa waya husema anakwenda kunyoosha meno. Usemi umezoeleka, lakini jino halikunjiki hata linyooshwe, linahama. Na waya hubonyeza tu. Zinazolihamisha ni tishu zilizolizunguka, nazo zinastahili kitenzi chao. Mimi nachagua kupisha.

Mzizi wa jino haugusi mfupa wa taya. Katikati pana ligamenti, utando wa nyuzi wenye unene wa takriban milimita 0.2, na jino limening'inia humo. Likibonyezwa, utando wa mbele yake hubanwa, wa nyuma huvutwa. Panapobanwa huja osteoklasti, seli kubwa zenye viini vingi, zikamwaga asidi na vimeng'enya juu ya mfupa. Panapovutwa, osteoblasti hutandika mfupa mpya. Carl Sandstedt wa Uswidi aliyaona hayo kwa mbwa, akayachapisha mwaka 1904 na 1905.

Kazi ya osteoklasti ni rahisi kuiita ufyonzaji. Sikubali. Hufyonzwa kilicho majimaji tayari, na mfupa ni mgumu. Kumung'unya ndiko hasa: kulainisha kwanza, kisha kumaliza polepole.

Istilahi inayonikera ni hailini, kutoka neno la Kigiriki la kioo. Nguvu ikizidi, ligamenti iliyobanwa huonekana kwenye hadubini angavu, laini, haina seli hata moja. Jina likatolewa kwa sura hiyo. Lakini pale mishipa ya damu imezibwa na seli zimekufa! Ningeiita tishu iliyonyongwa, msomaji ajue mara moja kilichotokea. Osteoklasti haziwezi kuanzia hapo; hulazimika kuuchimba mfupa kutoka upande wa ndani, na jino husimama kwa wiki kadhaa likingoja. Kwa hiyo mgonjwa anayemsihi daktari akaze sana ili amalize upesi anajichelewesha, na mwendo wa kawaida wenyewe ni kama milimita 1 tu kwa mwezi.

Ufizi una tabia nyingine. Mfupa ukishatulia, nyuzi za ufizi huendelea kulivuta jino kulikotoka, hasa lililozungushwa, kwa miezi mingi, pengine mwaka. Ndiyo sababu waya ukitolewa mgonjwa hupewa kifaa cha kuyashikilia meno. Hapo kupisha hakufai kabisa. Nyuzi hizo zinang'ang'ania.