Nakala Rudufu Ikae Wapi? Hoja ya Hifadhi ya Wingu kwa Taasisi Ndogo za Songea

Ofisi ndogo ya Majengo, Songea, iwe ya chama cha akiba na mikopo, ya duka la dawa au ya shule binafsi, haitegemei tena kabati moja la mafaili ambalo karani akilifunga jioni anajua kila kitu kimo ndani. Daftari la mikopo limo kwenye kompyuta, mishahara imo kwenye kompyuta, na picha za vitambulisho vya wanachama pamoja na mikataba iliyopitishwa kwenye skana zimo humohumo. Kompyuta hiyo ikiibiwa, au diski yake ikifa, hasara kubwa si mashine. Ni ushahidi wa nani anamdai nani. Wengi wamekwisha kukubali kwamba lazima pawe na nakala rudufu. Ubishi uko kwenye mahali pa kuiweka: kwenye seva ambayo taasisi imeinunua na inaiendesha yenyewe, au kwenye hifadhi ya wingu inayokodishwa kwa mwezi? Ninadai kwamba kwa taasisi ya ukubwa huu, katika mji kama Songea, seva ya kujiendeshea ni ghali kuliko inavyoonekana na dhaifu kuliko inavyoaminiwa. Fedha na muda vinavyookolewa kwa kutoiendesha vielekezwe kwenye kazi ambayo hakuna kampuni itakayotufanyia: kutunza funguo za data zetu, na kujaribu mara kwa mara kama nakala hizo zinarejesheka.

Hifadhi ya wingu inayozungumziwa hapa ni ile ambayo Amazon iliianzisha Machi 2006 kwa jina la S3, na ambayo kampuni nyingine zimeiga namna yake ya kufanya kazi. Mteja haoni diski wala folda. Kila faili hupelekwa kama kifurushi kimoja chenye jina lake, na kampuni hukisambaza kwenye diski nyingi ili diski moja ikifa kisipotee. Kwa sababu lugha ya kuwasiliana na hifadhi hizo imekuwa karibu ileile kila mahali, mteja anaweza kuhama bila kubadili programu zake, na ushindani huo umeshusha bei. Hifadhi ya kawaida ya S3 nchini Marekani hutozwa senti 2.3 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi, yaani kama dola 23 kwa terabaiti. Backblaze ilipandisha bei yake Oktoba 2023 kutoka dola 5 hadi dola 6 kwa terabaiti, na bado iko chini sana ya S3. Wasabi nayo imekuwa ikitoza karibu dola 7, lakini humlipisha mteja terabaiti nzima hata akiwa na robo yake. Tukikadiria dola kwa shilingi 2,500, chama chenye gigabaiti 200 kitalipa Backblaze kama shilingi 3,000 kwa mwezi, na chenye terabaiti nzima kitalipa shilingi 15,000.

Upande wa pili hesabu huanza kwa bei ya mashine, na wengi huishia hapo. Tuiache kabisa bei hiyo, tuchukulie seva imetolewa msaada. Seva ndogo inayokula wati 60 mchana na usiku hutumia uniti 525 kwa mwaka. Kwa bei ya uniti inayokaribia shilingi 350, huo ni umeme wa shilingi 184,000 hivi. Terabaiti 1 kwa Backblaze kwa mwaka mzima ni shilingi 180,000. Kwa hiyo umeme peke yake umekwisha kulingana na kodi yote ya wingu, na bado hatujahesabu betri ya akiba, diski za kubadilisha, mlango wa chuma wala fundi. Wapo watakaosema kwamba kompyuta ndogo zaidi hula wati 10 tu. Ni kweli, na kwa hesabu ya umeme wanashinda. Ila kompyuta ya wati 10 yenye diski moja ni diski ya nje iliyounganishwa na waya wa mtandao, na diski ya nje inaweza kufanya kazi hiyo ikiwa imechomolewa na kufungiwa kabatini.

Hoja nzito zaidi kuliko umeme ni kwamba seva iliyomo ofisini hupatwa na kila linaloipata ofisi. Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 tu, kwa njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo mji ulitegemea majenereta ya dizeli, na tangu 2015 ukaongezewa umeme wa maji wa Tulila unaozalishwa na masista Wabenediktini wa Chipole. Gridi imeleta nafuu kubwa, lakini haikuondoa mgawo wa umeme ulioikumba nchi nzima mwishoni mwa 2023, wala radi za masika. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kompyuta ya mhasibu na seva ya nakala zilizochomekwa kwenye ukuta mmoja hupigwa pamoja. Mwizi anayebeba kompyuta hataiacha seva, na moto hauchagui. Wenye mali nyingi kuliko sisi wamelijua hili kwa gharama kubwa. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulioanzia kwenye betri uliunguza kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini huko Daejeon, na mfumo wa kuhifadhi mafaili ya watumishi wa umma ukapotea pamoja na terabaiti 858 za kazi zao, kwa kuwa haukuwa na nakala nje ya jengo hilo. Kama serikali yenye wahandisi wa aina hiyo ilishindwa kuzitenganisha nakala na mahali pa kazi, chama cha akiba na mikopo kisidhani kwamba kitaepushwa na bahati.

Kuna pia suala la mtu. Seva inayoishi inahitaji wa kuitunza: kuiwekea masahihisho ya usalama, kusoma taarifa za diski inayoanza kuchoka, kujua la kufanya inapogoma. Programu ya MinIO, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyopendekezwa kwa anayetaka kujijengea hifadhi ya namna ya S3 bila malipo, ilibadili leseni yake mwaka 2021, na mwaka 2025 ikaondoa kwenye toleo la bure sehemu kubwa ya ukurasa wa usimamizi. Mtaalamu mwenye muda atahamia programu nyingine. Ofisi ambayo kijana aliyeisimika seva amekwisha kupata kazi Dodoma haitahama popote. Itabaki na mashine inayounguruma pembeni, ambayo hakuna anayejua nywila yake. Najua wapo vijana hodari wa kompyuta Songea, na hoja yangu haiwadharau. Ninachosema ni kwamba kazi yao ni ya thamani, na taasisi ndogo ikiweza kuwalipa siku chache tu kwa mwaka, siku hizo zisimalizikie kwenye kuhangaikia mashine.

Pingamizi la kwanza ni intaneti, na linastahili jibu la hesabu. Laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde itahitaji karibu saa 89 mfululizo kupeleka gigabaiti 200. Kwa anayetumia bando, hilo ni zito. Lakini mzigo huo hubebwa mara moja tu. Programu za bure kama restic hupeleka baada ya hapo kile kilichobadilika peke yake, na ofisi inayozalisha megabaiti 300 mpya kwa siku itamaliza kazi ndani ya dakika 8, usiku, watu wakiwa wamelala. Ugumu halisi uko kwenye kurudisha. Gigabaiti hizohizo 200 zikishushwa kwa megabiti 10 kwa sekunde huchukua saa 44, na ofisi haiwezi kufunga dirisha la wateja kwa muda huo. Zaidi ya hapo, intaneti yenyewe hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na nakala winguni peke yake siku hizo hakuwa na nakala. Pingamizi hili basi ni la kweli, ila halithibitishi kwamba tunahitaji seva. Linathibitisha kwamba tunahitaji diski ya nje, mbili zikiwezekana, zinazobadilishana zamu: moja ofisini, nyingine nyumbani kwa mweka hazina. Diski hurudisha kazi ndani ya saa chache pale kompyuta inapokufa, na wingu husubiri ile siku ambayo jengo zima limeondoka.

Pingamizi la pili linahusu uaminifu wa kampuni zenyewe. Machi 2021 moto uliteketeza jengo la OVHcloud huko Strasbourg, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba hata nakala walizokuwa wamelipia ziliwekwa kwenye eneo lilelile. Mei 2024 Google Cloud ilifuta kwa makosa mfumo wa wingu uliokuwa ukitumiwa na UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000; mfuko huo uliokolewa na nakala rudufu, zikiwemo ulizokuwa umeziweka kwa kampuni nyingine. Matukio haya hutajwa mara nyingi kama sababu ya kurudi kwenye seva ya nyumbani. Mimi ninayasoma tofauti: kote huko kilichoponya au kuua ni iwapo palikuwa na nakala mahali pa pili, chini ya mwenye nyumba mwingine. Bei nazo zina mitego yake. S3 hutoza takriban senti 9 za dola kwa kila gigabaiti inayotolewa nje baada ya 100 za kwanza kwa mwezi, hivyo kurudisha terabaiti 1 hugharimu kama dola 81, zaidi ya shilingi 200,000, siku ambayo taasisi tayari iko msibani. Backblaze huruhusu kutoa bure hadi mara tatu ya data iliyohifadhiwa, na Cloudflare R2 haitozi utoaji kabisa ingawa hifadhi yake ni dola 15 kwa terabaiti. Anayelinganisha bei za kuweka bila kuuliza bei ya kutoa amesoma nusu ya mkataba.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, na mjini Songea lina uchungu wake. Sehemu kubwa ya nyaraka za Wajerumani kuhusu Vita vya Majimaji iko Berlin na Dar es Salaam, mbali na watu wanaohusika nazo, na ilichukua zaidi ya karne moja hadi Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba radhi kwa yaliyotendwa katika vita hivyo. Anayeuliza kwa nini kumbukumbu za watu wetu ziende tena ng'ambo ana haki ya kuuliza. Sheria nayo inauliza: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaweka masharti kwa anayesafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, na taasisi inapaswa kuyatimiza kabla ya kupeleka hata picha moja ya kitambulisho. Hata hivyo kuna tofauti ya msingi. Data inayofungwa kwa msimbo kwenye kompyuta ya Majengo kabla haijaondoka hufika ng'ambo ikiwa fumbo. Kampuni inashika kifurushi, ufunguo unabaki hapa. Pale ambapo sheria au dhamiri inataka data ibaki nchini, zipo huduma za vituo vya data vya Dar es Salaam, na anayelipia huko anaepuka pia usumbufu wa kadi ya dola. Lakini ufunguo huo ukipotea hakuna atakayeurudisha. Uandikwe kwenye karatasi, uwekwe kwenye bahasha mbili zilizofungwa, kwa watu wawili tofauti.

Nakiri kwamba hoja yangu ina mpaka. Hospitali yenye terabaiti 30 za picha za eksirei, kwa dola 6 kwa terabaiti, italipa dola 180 kwa mwezi, zaidi ya shilingi milioni 5 kwa mwaka, na ikiwa ina kitengo cha TEHAMA chenye watu wa kudumu, seva yake mwenyewe kwa nakala ya kwanza ni uamuzi wa busara. Hata hapo nakala ya pili itoke nje ya uzio. Kwa taasisi ndogo iko faida moja zaidi ya wingu, ambayo seva ya ofisini huitoa kwa shida: hifadhi nyingi za aina hii zinaweza kufunga nakala kwa kufuli la muda, isifutwe wala kubadilishwa na yeyote kwa siku 30 au 90, hata na mwenye nywila. Kirusi kinachoteka mafaili na kudai malipo hutafuta kwanza seva ya nakala iliyo kwenye mtandao uleule na kuiharibu. Kwenye kufuli hilo kinagonga mwamba. Mfanyakazi mwenye hila naye hivyohivyo.

Kwa chama cha akiba na mikopo cha Majengo chenye data zisizozidi terabaiti 1, hukumu yangu ni hii: diski mbili za nje zinazopokezana, nakala moja iliyofungwa kwa msimbo kwenye hifadhi ya wingu ya bei nafuu yenye kufuli, na hakuna seva. Bodi za vyama hivi ziweke kwenye ajenda ya kikao kijacho tarehe ya kujaribu kurejesha daftari zima la mikopo kwenye kompyuta tupu, pamoja na jina la mtu atakayefanya kazi hiyo, na matokeo yake yasomwe mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu wa mwaka.