Ushuru wa Forodha na Vita vya Abushiri (1888–1890)

Vita vya Abushiri vilipiganwa katika mwambao wa Tanzania Bara ya leo, kati ya wakazi wa pwani na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki. Chanzo kikubwa kilikuwa forodha: nani akusanye ushuru bandarini, na mapato yaende kwa nani.

Biashara kabla ya kampuni

Misafara ilishusha pembe za ndovu Bagamoyo, Pangani, Sadani na Kilwa, ikarudi bara na vitambaa, shanga na bunduki. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Njiani msafara ulilipa hongo kwa watawala wa bara. Pwani ushuru ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, aliyewakodishia wafanyabiashara wa Kihindi kazi ya kuukusanya. Majumbe na maliwali nao walikuwa na fungu lao. Utajiri huo ulikuwa na upande wa giza, kwani baadhi ya misafara ilileta watumwa.

Mkataba wa 1888

Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodisha kampuni mwambao huo kwa miaka 50. Mwezi Agosti maofisa wake walishika forodha, wakapandisha bendera yao na kuwataka watu waandikishe ardhi zao. Kwa mfanyabiashara wa pwani, hii haikuwa mabadiliko ya karani tu. Madaraka, ada na mashamba vilikuwa vinamtoka mkononi.

Upinzani

Pangani ilikuwa ya kwanza kuasi, chini ya Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa. Sadani iliongozwa na Bwana Heri. Kabla ya mwaka kwisha, kampuni ilibakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na askari waliokodiwa Misri na Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na Bwana Heri akajisalimisha mwaka 1890.

Matokeo kwa biashara

Januari 1891 serikali ya Ujerumani ilichukua utawala na forodha. Kodi ya kibanda ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1890, ikawalazimu watu kutafuta kazi za ujira. Kulazimishwa kulima pamba kulichochea Vita vya Maji Maji vya 1905–1907. Reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa masafa marefu ukafifia.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005 kwa makubaliano ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1888 ushuru ulihamishwa kwa mkataba ambao walipaji hawakuulizwa. Ndiyo maana, kila kanuni mpya ya mpakani inapotangazwa, swali la kwanza la mwenye mzigo ni lile lile: nani ameshauriwa?