Mkufu uliozama na Titanic: nani alipanga bei ya mali iliyopotea?

Swali hili linarudi kila mara tunapopita na maikrofoni katika mitaa na katika kambi: kitu changu kikipotea, nani ana haki ya kusema kilikuwa cha bei gani? Mama anakimbia na mtoto mgongoni. Pete ya ndoa, hereni za dhahabu alizopewa na mama mkwe na mkufu wa siku ya arusi vinabaki katika sanduku. Siku mtu anapokuja na karatasi kumuuliza amepoteza nini, anatajiwa kiasi kidogo na kuambiwa: tia sahihi hapa.

Leo tutazame kisa cha zamani ambapo watu walikataa kiasi cha kwanza walichotajiwa. Kilitokea mbali na kwetu, baharini, lakini kila hatua yake mtaitambua.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli Titanic, iliyokuwa safarini kutoka Southampton, Uingereza, kwenda New York, iligonga mlima wa barafu. Saa chache baadaye, alfajiri ya tarehe 15, ilizama. Watu kama 1,500 walikufa. Waliookolewa walikuwa zaidi ya 700 tu, na wengi wao walifika New York na nguo walizokuwa wamevaa.

Kwanza tuangalie bima. Meli yenyewe ilikuwa na bima ya pauni milioni 1 katika soko la bima la London. Waliotoa bima hiyo hawakubishana: kampuni ya meli, White Star Line, ililipwa kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Abiria na wajane walingoja miaka minne.

Kwa nini? Kwanza, tiketi zao zilikuwa na maandishi madogo yaliyopunguza jukumu la kampuni juu ya mizigo na vitu vya thamani. Pili, mwezi wa Oktoba 1912, kampuni ilikwenda mbele ya tribinali ya New York na kuomba itumike sheria ya Marekani ya mwaka 1851. Sheria hiyo ilisema kwamba, ikiwa mwenye meli hakuhusika mwenyewe na kosa lililoleta ajali, deni lake lote haliwezi kupita thamani ya kile kilichobaki cha meli, pamoja na nauli ya safari hiyo. Na Titanic ilikuwa imebakiza nini? Mashua za uokozi tu. Ukiongeza nauli, jumla haikufika dola 100,000. Ile pauni milioni 1 ya bima haikuhesabiwa, kwa maana Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua tangu 1886 kwamba pesa za bima za mwenye meli haziingii katika hesabu hiyo.

Hicho ndicho kiasi cha kwanza walichotajiwa: chini ya dola 100,000, zigawanywe kwa wajane, yatima na wote waliopoteza mali.

Sasa tuone waliodai. Bibi Charlotte Cardeza wa Philadelphia, aliyesafiri katika vyumba vya bei kubwa kabisa, alileta orodha ya kurasa nyingi. Aliandika kila kitu, sanduku kwa sanduku: magauni, makoti ya manyoya, glavu, pete za vito. Almasi moja ya rangi ya waridi aliipa bei ya dola 20,000. Jumla yake ilifika dola 177,352 na senti 75. Bibi Margaret Brown wa Denver alidai dola 27,887, na ndani yake mkufu mmoja ulikuwa wa dola 20,000. Bwana mmoja alidai dola 5,000 za gari lake la Renault.

Na maskini? Eugene Daly, kijana wa Ayalandi aliyesafiri daraja la tatu, alidai dola 50 kwa zumari yake ya mfuko, ile ngoma ya upepo ya kwao. Msicheke. Tiketi yake ilikuwa ya pauni 7 na kitu, kwa hiyo zumari ile ilikuwa na bei kubwa kuliko safari nzima. Katika daftari la tribinali, zumari ya Daly iliandikwa sawa na almasi ya Bibi Cardeza. Kama asingeiandika, leo tusingejua hata kwamba alikuwa nayo.

Madai yote kwa jumla yalipita dola milioni 16. Upande mmoja dola milioni 16, upande mwingine chini ya laki moja. Mtu angeweza kukata tamaa na kuchukua kidogo kilichopo. Wao hawakufanya hivyo. Mawakili wao walijikusanya na kupigana katika nchi mbili.

Katika Uingereza, mzee mmoja wa Ayalandi, Thomas Ryan, aliyempoteza mtoto wake Patrick, aliishitaki kampuni. Mwaka 1913 baraza la raia lilisema kwamba meli ilikuwa inakimbia kwa mwendo wa uzembe, na mzee akapewa pauni 100. Kampuni ilijificha nyuma ya maandishi ya tiketi. Majaji wakajibu kwamba masharti hayo hayakuwa yamekubaliwa na serikali jinsi sheria ilivyotaka, basi hayana nguvu. Kampuni ikakata rufaa, na mwaka 1914 ikashindwa tena. Karatasi yenye maandishi madogo ilianguka kwa sababu mtu mmoja wa kijijini alikataa kuiogopa.

Katika Marekani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwezi wa Mei 1914, Mahakama Kuu ilikubali kwamba kampuni ya kigeni inaweza kutumia ile sheria ya 1851. Lakini njia moja ilibaki wazi: waliodai wangeweza kuonyesha kwamba wakubwa wa kampuni wenyewe walihusika na kosa. Kesi ilifunguliwa New York mwezi wa Juni 1915. Mashahidi walisema juu ya mwendo wa meli, mashua zilizokuwa chache, na onyo la barafu. Kampuni ikaona hatari, ikakubali kukaa mezani. Mwaka 1916 mapatano yalimalizika: dola 664,000.

Tuhesabu pamoja. Kiasi hicho ni karibu mara saba ya kile cha kwanza. Lakini kwa kila dola 100 zilizodaiwa, zililipwa kama 4 tu, tena uhai wa watu na mali viliwekwa katika kapu moja. Na ili walipwe, walitakiwa kukubali kwamba wakubwa wa kampuni hawakuhusika na kosa. Hatuwezi kusema walishinda. Tunaweza kusema kwamba kama wangetia sahihi siku ya kwanza, hata hizo 4 wasingezipata. Sheria yenyewe ilirekebishwa baadaye, mwaka 1935, kisha meli nyingine kuungua. Marekebisho hayo yaliongeza fungu kwa waliokufa na walioumia. Kwa mali, hayakuongeza kitu.

Turudi nyumbani. Kwetu Kongo, wengi wanajua bima kwa karatasi ya gari tu. Tangu mwaka 1966 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali, SONAS, mpaka sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilipofungua mlango kwa makampuni mengine na kuweka ARCA, mamlaka ya kuyasimamia. Nawaambia pia ukweli unaouma: mikataba mingi ya bima inaondoa hasara ya vita. Kwa hiyo sitaki mama aliyekimbia adhani kuna kampuni inayomngoja na mkufu wake. Lakini siku ya kuhesabu hasara inaweza kuja kwa njia nyingine: tribinali, mfuko wa fidia, mgawo wa urithi, au bima ya mwenye duka aliyeunguliwa.

Siku hiyo, mambo matatu ya kisa cha Titanic yatakusaidia.

La kwanza ni orodha. Usiandike "vito" peke yake. Andika: mkufu mmoja wa dahabu, gramu ngapi, nilipewa na nani, mwaka gani, nani aliniona nao. Picha ya arusi inayoonyesha shingo yako ni ushahidi. Piga picha ya orodha kwa simu, umtumie ndugu aliye mji mwingine, maana karatasi nayo inapotea njiani.

La pili, ukitajiwa kiasi, omba hesabu yake kwa maandishi. Wamepima kwa bei ya dahabu ya leo au ya siku uliyonunua? Wamepunguza nini, kwa sharti gani la mkataba? Karatasi ikisema umelipwa yote na hutadai tena, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Msomee mtu unayemwamini. Ikiwa ni kampuni ya bima, unaweza kupeleka lalamiko lako mbele ya ARCA.

La tatu, msidai mmoja mmoja. Bibi Cardeza alikuwa na mali ya kulipa wakili, Daly hakuwa nayo. Walipokuwa katika kesi moja, almasi na zumari zilikaa upande mmoja wa meza.

Kama una daftari karibu, anza leo jioni. Anza na kile unachokikumbuka vizuri zaidi, hata kama ni hereni moja.