Toleo Lipi? Kisa cha Maktaba Zilizogombana

Sisi wasomaji wa vitabu tunalitumia neno "toleo" bila kulifikiria sana. Toleo la kwanza, la pili, toleo lililohaririwa. Ukinukuu ukurasa wa 112 bila kutaja toleo, mwenzako anaweza kufungua ukurasa huo akakuta jambo jingine kabisa. Watunga programu nao wanalo neno hilohilo, ila kwao kosa la aina hiyo haliishii kwenye tanbihi. Programu inagoma kufunguka.

Maktaba, kwa lugha yao, ni msimbo uliokwisha kuandikwa ambao programu nyingine huuazima: wa kuchora dirisha, wa kubana faili, wa kusoma tarehe. Katika Windows za miaka ya 1990 maktaba hizo zilikaa kwenye faili za DLL, nyingi zikirundikwa pamoja katika folda moja ya SYSTEM. Sababu ilikuwa ya kibahili, na ubahili wenyewe ulikuwa wa haki. Kompyuta nyingi zilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti chache tu, kwa hiyo nakala moja ikihudumia programu kumi, ni nafuu kwa wote.

Sasa hebu fikiria. Dukani kwako una programu ya uhasibu inayokwenda vizuri. Mwezi unaofuata unaweka mchezo wa watoto, nao unakuja na DLL yenye jina lilelile, ila ya zamani zaidi, na kisakinishi chake kinaifuta ile mpya bila hata kukuuliza. Mchezo unachezeka. Uhasibu umekufa, na hesabu za mwezi zimo humo ndani. Nani alaumiwe? Mwenye uhasibu atakwambia programu yake haikuguswa, na kweli haikuguswa. Mwenye mchezo atakwambia wake unafanya kazi. Balaa hilo likaitwa "jehanamu ya DLL", na sioni kama waliolibatiza walitia chumvi.

Windows 3.1 ilikuwa na kituko chake. Maktaba ikishapakiwa kwenye kumbukumbu, programu nyingine iliyoomba maktaba ya jina hilo ilipewa ileile iliyokwishapakiwa, hata kama yake ilikuwa tofauti. Yaani ukianza na programu hii, ile inagoma. Ukianza na ile, zote mbili zinaenda. Mtumiaji wa kawaida angejuaje? Bora aamini kompyuta imerogwa.

Na majina hayakusaidia. MFC42.DLL ilipewa namba hiyo kwa sababu ilitoka na Visual C++ 4.2. Likaja toleo la 5.0, likaja la 6.0 mwaka 1998, jina likabaki MFC42 wakati yaliyomo yanabadilika. Ni kama kitabu kinachohaririwa upya kila mara na jalada halibadilishwi hata herufi.

Fundi mzuri wa enzi hizo alianza kwa kufungua sifa za faili na kusoma namba ya toleo iliyofichwa ndani, kisha akailinganisha na ya kompyuta ambayo bado ilikuwa nzima. Dawa nyingine ilikuwa kunakili DLL sahihi ndani ya folda ya programu yenyewe, kwa kuwa kwa kawaida huko ndiko Windows ilikoanza kutafuta. Microsoft wenyewe walichelewa. Windows 2000 ilianza kuzirudisha faili za mfumo zikifutwa na visakinishi, na Windows XP, mwaka 2001, ikaruhusu matoleo mawili ya maktaba moja kukaa bega kwa bega.

Upande wa Linux walishika njia nyingine, na kwangu ndiyo ya kiungwana zaidi. Kila kifurushi cha Debian kinatangaza mahitaji yake kwa maandishi: nataka maktaba fulani, toleo hili au jipya zaidi. Toleo la 2.1 la Debian, mwaka 1999, likaja na APT, chombo kinachosoma matangazo hayo na kuleta kila kinachohitajika. Hakikumaliza ugomvi. Kifurushi kimoja kikitaka toleo la 1 la maktaba na kingine kikikataa lolote chini ya 2, APT inakwambia tu kwamba haiwezekani. Lakini angalau unaambiwa mapema, kabla uhasibu haujafa.

Kwa nini basi kila programu isibebe nakala yake na ugomvi uishe? Wengi walifanya hivyo. Ndipo Machi 2002 ukatangazwa udhaifu wa kiusalama katika zlib, maktaba ndogo ya kubana data inayopatikana karibu kila mahali. Waliokuwa wakitumia nakala ya pamoja walibadilisha faili moja. Waliojibebea nakala zao ilibidi kwanza wajue ni programu zipi zimeificha zlib tumboni, kisha wazitengeneze moja baada ya nyingine.