Mambo ya kuzingatia mgonjwa wa baridi yabisi anapobadilishiwa kifaa cha kujidunga dawa

Baridi yabisi ni ugonjwa unaotokea pale kinga ya mwili inaposhambulia utando wa ndani wa viungo, hasa vya vidole, viganja na magoti. Usipotibiwa, viungo huharibika na hatimaye kupinda. Miongoni mwa dawa za kuudhibiti ni methotreksati, inayotumiwa mara moja tu kwa wiki, na adalimumabu, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Mgonjwa aliyekwisha kufundishwa anaweza kujidunga dawa hizo chini ya ngozi akiwa nyumbani.

Vifaa vinavyotumika ni vya aina tatu: bomba la kawaida linalovuta dawa kutoka kwenye kichupa, bomba lililojazwa dawa kiwandani, na kalamu ya sindano ambayo huficha sindano na kusukuma dawa yenyewe. Kubadilishiwa kifaa si lazima kuwe kubadilishiwa tiba. Mara nyingi dawa, dozi na siku ya kujidunga hubaki zilezile. Kinachobadilika ni namna ya kukitumia.

Kwa mkazi wa kata ya Maretadu, wilayani Mbulu mkoani Manyara, maandalizi ni muhimu zaidi. Hospitali ya rufaa iliyo jirani ni Haydom, na rufaa ya kanda ni KCMC mjini Moshi. Mgonjwa akigundua akiwa nyumbani kwamba vidole vyake haviwezi kukibonyeza kifaa kipya, hulazimika kusafiri tena au kukosa dozi. Kwa sababu hiyo, asiondoke kliniki kabla ya kukijaribu kwa mkono wake mwenyewe mbele ya muuguzi. Inafaa pia aongozane na ndugu atakayemsaidia, ili naye ajifunze.

Dozi isomwe kwa miligramu

Kosa la hatari zaidi hutokea kwenye kipimo. Methotreksati ya sindano hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Dozi ya miligramu 15 ni mililita 0.6 iwapo kila mililita ina miligramu 25, lakini ni mililita 0.3 tu iwapo kila mililita ina miligramu 50. Anayeendelea kuvuta mililita alizozoea anaweza kujidunga dozi maradufu. Methotreksati inapozidi, huweza kudhuru uboho wa mifupa na kusababisha vidonda vya kinywani. Bomba la insulini lisitumike badala ya lile lililotolewa, kwa kuwa alama zake husomwa kwa yuniti.

Namna ya kujidunga

Sehemu zinazofaa ni mapaja na tumbo, umbali wa sentimita 5 au zaidi kutoka kitovuni, na mahali pa kudunga pabadilishwe kila mara. Anayetumia bomba kwa kawaida hubana ngozi na kusukuma dawa taratibu. Kalamu husimamishwa wima juu ya ngozi na kukandamizwa. Baadhi huanza kazi zinapokandamizwa, nyingine hadi kitufe kibonyezwe. Isiondolewe mara inapolia kwa mara ya kwanza. Mgonjwa asubiri hadi dirisha lake libadilike rangi au muda ulioelekezwa uishe, la sivyo dawa itamwagika. Ikimwagika, asijidunge nyingine kabla ya kuwasiliana na kituo cha afya.

Uhifadhi na usalama

Adalimumabu huhifadhiwa kwenye jokofu kwa nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi na haipaswi kuganda. Methotreksati haihitaji jokofu, ila ikingwe dhidi ya joto kali na mwanga. Asiye na jokofu alieleze jambo hilo kabla ya kuandikiwa dawa, ili utaratibu wa kuitunza upangwe mapema. Mjamzito hapaswi kuishika methotreksati, hata kama anamsaidia mgonjwa.

Sindano iliyotumika isifunikwe tena wala kutupwa chooni au jalalani. Iwekwe katika boksi la usalama, au katika dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, mbali na watoto, kisha ipelekwe zahanati au kituo cha afya kwa ajili ya kuteketezwa.

Mgonjwa akipata homa, vidonda kinywani, kupumua kwa shida au uvimbe wa uso, aende kituo cha afya mara moja akiwa na kifaa na kasha la dawa. Madhara yatokanayo na dawa au kifaa yaripotiwe ili yafike Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Ushauri wa afya hupatikana pia kwa kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo.