Nani Astahili Kuandikwa?

Kitabu kinachokusanya maarifa ya kila namna na kuyapanga kwa utaratibu huitwa kamusi elezo. Mtu akitaka kujua habari za mlima, mfalme, ugonjwa au nyota, hufungua mahali pake akasoma. Kwa kuwa kitabu cha namna hii hutumainiwa na wengi, kuandikwa ndani yake huhesabiwa kuwa heshima, na kuachwa nje huonekana kama dharau. Katika miaka yetu limezuka swali ambalo wazee wetu hawakulijua: mtu aliyepata pointi nyingi kuliko wote katika mchezo wa video, je, astahili kuandikiwa habari zake katika kamusi elezo? Wako wanaocheka wakilisikia swali hili. Mimi sioni kama ni la kuchekwa, maana ndani yake mna swali lililo kubwa zaidi: historia humchagua nani, na kwa kipimo gani?

Yatupasa kwanza tujue kwamba kipimo hicho hakikuwa kimoja siku zote. Encyclopaedia Britannica ilipotolewa mara ya kwanza katika mji wa Edinburgh, kati ya mwaka wa 1768 na 1771, haikuwa na sura za maisha ya watu. Wafalme na majemadari hawakuandikiwa wasifu, kwa kuwa kitabu kilikusudiwa kueleza sayansi na sanaa tu. Chapa ya pili, iliyoanza kutoka mwaka wa 1777, ndiyo iliyowafungulia watu mlango. Miaka michache kabla ya hapo, huko Ufaransa, Denis Diderot na Jean d'Alembert walianza mwaka wa 1751 kutoa kamusi elezo iliyofafanua kwa maneno na kwa picha kazi za mafundi wa mikono, kazi ambazo mabwana wengi wa zama zile walizidharau. Basi anayesema kwamba mchezo ni upuuzi, na kwamba upuuzi hauna haki ya kuandikwa, hajamaliza shauri. Mambo mengi yaliyoitwa duni jana yamepewa kurasa leo.

Sasa tutazame desturi ya kuandika rekodi ilivyoanza. Mwaka wa 1951 Sir Hugh Beaver, mkurugenzi wa kampuni ya bia ya Guinness, alikuwa akiwinda ndege katika Ireland, ukatokea ubishi juu ya ndege yupi wa kuwindwa aliye mwepesi kuliko wote katika Ulaya. Hakikupatikana kitabu cha kuukata ubishi huo. Beaver akafikiri kwamba watu hubishana hivyo kila wanapokutana kwa mazungumzo, na kwamba kitabu cha kuwaamua kingefaa. Kazi hiyo walipewa ndugu wawili pacha, Norris na Ross McWhirter, na kitabu kikatoka mwaka wa 1955. Twaona, basi, kwamba kitabu cha rekodi kilizaliwa ili kumaliza ubishi, si ili kuhukumu ni nani anayefaa kukumbukwa. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa shauri letu.

Michezo ya video ilipata mwandishi wake wa rekodi baadaye. Mwezi wa Novemba 1981 Walter Day alifungua ukumbi wa mashine za michezo, ulioitwa Twin Galaxies, katika mji mdogo wa Ottumwa, jimbo la Iowa, Marekani. Wakati ule mchezaji alitia sarafu katika mashine iliyo kubwa kama kabati, akacheza hadi akashindwa, na mashine ikamwonyesha jumla ya pointi zake. Kila ukumbi ulikuwa na bingwa wake, wala hapakuwa na mtu wa kusema ni yupi anayewapita wenziwe wote. Mwezi wa Februari 1982 Day akaanza kuweka orodha ya nchi nzima, akawa kama karani wa mabingwa.

Miongoni mwa majina aliyoyaandika lilikuwamo la mvulana wa miaka 15, Scott Safran. Mwezi wa Novemba 1982 mvulana huyu alicheza mchezo wa Asteroids kwa zaidi ya siku mbili, akapata pointi 41,336,440. Kisha akatoweka machoni pa wachezaji. Day alimtafuta kwa miaka mingi ili amtunukie, na mwisho akapata habari kwamba kijana yule alikwisha kufariki mwaka wa 1989. Rekodi yake ikadumu hadi mwezi wa Aprili 2010, alipotokea John McAllister na kupata 41,338,740. Miaka 27 ilipita, na tofauti ikawa pointi 2,300 tu.

Tumlinganishe na Billy Mitchell wa Florida. Mwezi wa Julai 1999 alipata pointi 3,333,360 katika mchezo wa Pac-Man. Jumla hiyo haiwezi kupitwa na mtu yeyote, kwa sababu mchezo una hatua 256 tu, na katika hatua ya mwisho hesabu ya mashine huharibika, nusu ya picha ikageuka kuwa herufi na alama zisizo na maana. Mitchell alisifiwa kuwa mtu wa kwanza kuimaliza kazi hiyo pasipo kosa. Mwaka wa 2007 ikatoka filamu juu ya ushindani wake na Steve Wiebe, mwalimu wa shule, katika mchezo wa Donkey Kong. Mwaka wa 2018 Twin Galaxies, iliyokuwa imekwisha kupita mikononi mwa wenyewe wengine, iliamua kwamba baadhi ya kanda zilizotolewa kuwa ushahidi wa pointi zake za Donkey Kong hazikutokana na mashine halisi, ikafuta rekodi zake zote. Yeye alikana kosa. Kitabu cha Guinness nacho kilizifuta, kisha kikazirudisha mwaka wa 2020. Kesi iliyofuata mahakamani ilimalizika kwa mapatano mwezi wa Januari 2024.

Kuna na jambo la tatu. Tangu mwaka wa 1982 Todd Rogers alitajwa kuwa amemaliza mchezo wa Dragster kwa sekunde 5.51. Miaka 35 baadaye uchunguzi wa programu ya mchezo wenyewe ulionyesha kwamba muda mfupi kuliko wote unaowezekana ni sekunde 5.57. Mwezi wa Januari 2018 rekodi ile ikafutwa. Fikiri, msomaji, ni watu wangapi waliosoma hesabu ile katika muda wa miaka 35 na kuiamini, kwa sababu tu iliandikwa mahali panapoheshimiwa!

Kutokana na habari hizi twapata mafunzo mawili. Fundisho la kwanza ni kwamba hesabu peke yake ni shahidi dhaifu. Yaweza kukosewa, na hata ikiwa kweli haituelezi mtu. Safran alikuwa na rekodi iliyodumu kuliko nyingi, lakini ukiondoa tarakimu zake na kifo chake cha mapema, mwandishi hana mengi ya kuandika. Mitchell, kwa upande mwingine, ameandikwa na magazeti, ameonyeshwa katika filamu, na ubishi juu yake umewalazimisha watu kufikiri upya namna ya kuthibitisha rekodi. Hata wanaomkataa hawawezi kusimulia historia ya michezo hiyo pasipo kumtaja. Ajabu ni kwamba rekodi zake zilipotiliwa shaka, mahali pake katika historia pakazidi kuthibitika.

Fundisho la pili ni kwamba kitabu cha rekodi na kamusi elezo ni vyombo viwili mbalimbali. Mkenya analijua jambo hili vizuri. Tarehe 12 Oktoba 2019, katika mji wa Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia mwendo wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mbio zile hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi ya dunia, kwa kuwa hazikuwa mashindano ya wazi, na wakimbiaji wa kumwongoza walikuwa wakipokezana. Je, kuna mwandishi wa historia ya riadha atakayeziacha? Hayuko. Zilikosa mstari katika orodha ya rekodi, lakini zilipata ukurasa katika historia. Na kama tendo laweza kukosa orodha likastahili ukurasa, basi tendo jingine laweza kuwamo katika orodha lisistahili ukurasa.

Huenda mtu akapinga akisema: zamani karatasi na wino vilikuwa ghali, lakini Wikipedia, iliyoanzishwa mwaka wa 2001, haina mwisho wa kurasa, mbona tusimwandike kila mtu? Jibu ni kwamba kinachopungua si karatasi, bali ushahidi. Wikipedia yenyewe hudai kwamba habari za mtu ziwe zimeandikwa kwa kirefu na watu wa kuaminika wasio na faida katika sifa zake. Pasipo sharti hilo kila mtu angejiandikia utukufu wake, na wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Walakini nakiri kwamba sharti hili lina ukali wake. Humpendelea mtu wa nchi yenye magazeti mengi na wachapaji wengi, na humsahau fundi, mganga au mwimbaji aliyetenda makubwa mahali pasipokuwa na mwandishi. Upungufu huo hauondolewi kwa kulegeza sharti. Waondolewa na mtu anayechukua kalamu, akauliza walioshuhudia, akalinganisha maneno yao, na kuyaandika kwa uaminifu yale yaliyo kweli na yale yanayobishaniwa.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Mchezaji asifungiwe mlango kwa sababu kazi yake ni mchezo, wala asifunguliwe kwa sababu tu jina lake liko juu ya orodha. Pointi zake ziwekwe katika jedwali la mchezo wake. Yeye mwenyewe aandikiwe wasifu ikiwa tendo lake limegeuza kitu nje ya mashine aliyoichezea, na ikiwa mashahidi wengine, si yeye, wamelieleza. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini mwandishi wa historia hatunzi mtu, hushuhudia tu, na ushuhuda wake hauna budi kuwa wa kweli kwa anayependwa na kwa asiyependwa.